Vipande vitatu vya mukate na fromaji ya mbuzi

Ndugu wafanyakazi, bamama wa camp, na ninyi vijana munaowasomeaka wazazi ukurasa huu,

Mwezi uliopita, ku mulango wa kompani moja ya huku kwetu, mulinzi alifungua mufuko wa mama mmoja wa jikoni. Alikuta gamela ya bure, kitambaa cha kichwa, na karatasi iliyofunga vipande vitatu vya mukate wa kuchoma. Juu ya kila kipande kulikuwa fromaji ya mbuzi, imekwisha kupoa. Ilikuwa mabaki ya mesa ya wakubwa, yale yanayoendaka mu pubeli kila siku saa nane. Kesho yake mama alipewa barua: wizi, kosa nzito, kazi imekwisha, hakuna preavi. Alikuwa amefanya miaka sita mu jikoni ile.

Tulipoleta habari hii mu mukutano, watu walicheka. Tuseme ukweli, hata sisi ma-delege tulicheka. Ndugu mmoja wa foraji alisema: "Kama ilikuwa nyama, tungefahamu. Lakini kupoteza kazi juu ya chakula ya sungura?" Mama alikuwa ameketi nyuma, karibu na mulango. Akasimama. Akasema: "Munacheka kitu hamuyue. Nimekipika miaka sita, na ninyi hamuyue hata jina lake."

Alikuwa na haki. Tulikuwa tunataka kutetea mutu juu ya kitu tusichokijua. Ndiyo maana mbele ya kuandika barua ingine tulimuomba atufundishe. Siku ya Mungu iliyofuata, nyuma ya biro ya sindika, aliwasha mbabula mbili, na wanaume kumi na wawili wenye mikono ya grisi wakakaa kumuangalia anakata saladi.

Kile chakula Wafaransa wanakiita salade de chèvre chaud. Ni majani mabichi ya baridi, na juu yake mukate wa moto wenye fromaji ya mbuzi iliyolainika. Fromaji, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita jibini. Utamu wote unatoka mu kukutana kwa moto na baridi: ukichelewa dakika kumi, hakuna kitu tena. Kwa hiyo mupishi hawezi kupika asubuhi akalala. Anasimama mbele ya foru, anangoja wakubwa waketi.

Alianza na majani, na hapo alikuwa mukali. Saladi inaliwa mbichi, na sisi tunaishi mu inchi ya kolera. Kila jani alilitoa peke yake, akalisafisha mu maji iliyotiwa klori, akaimwaga, akatia ingine. Kisha alikauka majani mu kitambaa safi, alikishika kwa pembe nne, akakizungusha hewani mpaka maji ikaturukia sisi wote. Sababu, alisema, jani lenye maji linakataa mafuta.

Mutu mmoja aliuliza saladi ilitoka wapi. Hili swali haliko la mupishi tu. Majani mengi ya soko zetu yanalimwa kando ya mito, na mito mingine inapokea maji ya viwanda. Kusafisha kunaondoa udongo na mikrobi. Hakuondoi metali ambayo mumea umekunywa kupitia mizizi, na saladi ni moja ya mimea inayokunywaka kadmiamu kwa urahisi. Mama alijibu kwamba mesa ya wakubwa inanunua saladi yake mbali, mu jardini yenye puits. Sisi tunanunua ile ya karibu. Jambo hili tutalirudilia siku ingine, maana linaomba ukurasa wake.

Halafu vinegreti. Kijiko kimoja cha vinegri, chumvi ndani yake, unakoroga mpaka chumvi inapotea, maana chumvi haiyeyuki mu mafuta. Kijiko kidogo cha mutaridi. Kisha vijiko vitatu vya mafuta, pole pole, huku unakoroga, mpaka inakuwa nzito. Haimwagwi juu ya majani mpaka dakika ya mwisho, ama majani yatalala sawa sombe.

Mukate wa jana ni muzuri kuliko wa leo. Unakatwa unene wa kidole, unachomwa kidogo upande mmoja kusudi usilowane. Fromaji inakatwa viduara, kisu kimelowanishwa na maji. Kiduara juu ya mukate, tone la mafuta, majani kidogo ya thym, na mwenye kupenda anatia asali. Mu foru ya mesa, digri 200, dakika sita ao nane. Sisi hatuna foru. Mama aliweka mikate mu sufuria kavu, akafunika na mufuniko wa chuma, akapakia makala ya moto juu ya mufuniko, sawa vile bamama wanapikaka gato mu camp. Moto wa juu ndio wenye kazi. Fromaji ya mbuzi haikimbii sawa ile ya ng'ombe. Inabaki fasi yake, inalainika ndani, inakuwa rangi ya kahawia kando kando.

Tunasema hivyo kwa kusikia, sababu fromaji ya mbuzi yenyewe ilitushinda bei. Ile iliyoko mu maduka ya Lubumbashi inatoka Ulaya na ndege. Tulitumia ya Masisi, ya ng'ombe, ile duara ya Kivu. Ilikimbia. Mama alitia tone la ndimu kusudi ipate ukali kidogo, na pa nafasi ya noix alitia kalanga za kuvunjwa. Tulikula. Ndugu wa foraji alikula vipande vinne na hakusema tena neno la sungura.

Sasa tuseme kile tulichokuja kusema. Huku kwetu watu wanadhani hii ni chakula cha wakubwa, kwa sababu tunaiona mesa ya wakubwa tu. Haikuzaliwa hivyo. Ufaransa, mbuzi aliitwa ng'ombe wa masikini. Mwenye shamba alikuwa na ng'ombe. Mufanyakazi wa siku, asiye na udongo, alikuwa na mbuzi mbili zinazokula kando ya njia. Kuko kijiji kinaitwa Chavignol, karibu na Sancerre, upande wa muto Loire. Wanaume walifanya kazi mu mizabibu, wanawake walikamua mbuzi na kutengeneza vifromaji vidogo, ambavyo wanaume walibeba shambani kula na mukate. Mwisho wa karne ya 19 kidudu phylloxera kiliharibu mizabibu, na mbuzi zikasaidia familia nyingi kusimama. Maziwa inaachwa igande karibu siku nzima, inatiwa mu vikombe vyenye matundu, inatiwa chumvi, inakaushwa. Kile kinachoitwa Crottin de Chavignol kinangoja siku 10 kwa uchache mbele ya kuuzwa, na tangu 1976 sheria inalinda jina lile: asiyetengeneza kule, kwa namna ile, hana ruhusa kuliandika. (Tulifikiri juu ya kobalti yetu, ambayo inatoka huku kwa zaidi ya nusu ya ile ya dunia, inasafishwa mbali, na mwenye kununua telefone hasomi jina la Kolwezi mahali popote. Lakini tusitoke mu jikoni.)

Kuko jambo lingine la Ufaransa ambalo sisi wachimbaji tunapaswa kulijua. Kaskazini, mu makaa ya mawe, muchimbaji alishukaka na mukate wake wa kulia chini, mara nyingi na siagi ao fromaji ndani. Uliitwa briquet. Wale waliosoma Germinal ya Émile Zola, kitabu cha 1885, wanaukumbuka. Na muchimbaji hakuumaliza. Aliacha kipande, akapanda nacho jioni, mweusi wa vumbi, kwa ajili ya watoto waliomungoja ku mulango wa nyumba. Kipande kile kilikuwa na jina: pain d'alouette, mukate wa kandege. Baba aliambia watoto kwamba ndege mudogo ndiye alimupa njiani. Mukate ulikuwa mugumu, ulinuka shimo, na watoto waligombania. Shimo la mwisho la kule lilifungwa 1990. Mashimo yamekwisha, jina la ule mukate linakumbukwa bado.

Mama wetu alikuwa na mukate wa kandege mu mufuko. Watoto wake watatu, vipande vitatu. Hakula hata kimoja yeye mwenyewe. Hilo hata mulinzi aliliandika, bila kujua analolisema, pale aliposema "pièces: 3, intactes".

Mutu atatujibu: ndugu, mukate wa yule muchimbaji ulikuwa wake, aliununua. Huu ulikuwa wa kompani. Ni kweli, na hatutaki kujificha. Lakini tuulize ulikuwa wa nani saa nane na nusu. Mukubwa aliusukuma kando ya sahani kwa sababu alishiba. Pubeli ilikuwa imefunguliwa. Kama mama angeutupa, angekuwa mufanyakazi muzuri. Aliufunga mu karatasi, akawa mwizi. Sisi hatuoni namna gani kitu kinapoteza mwenyewe kikienda mu takataka, halafu kinamupata tena kikienda kwa mutoto.

Tuliongea na wale wa biro. Walitupokea vizuri, hatuwezi kusema uongo. Walitupa sababu mbili. Ya kwanza ni afya: chakula kikikaa mu mufuko, mu joto, mutoto akaugua, nani atajibu? Sababu hii iko na uzito. Fromaji iliyopashwa moto na kupoa si kitu cha kuchezea. Basi tuliomba jambo rahisi: wapishi wakule mabaki ya siku ile pale pale, mbele ya kutoka, wameketi, ku meza. Walisema watafikiri.

Sababu ya pili ilitukasirisha. Walisema: leo mukate, kesho katodi. Eti mukono unaozoea kidogo utafika ku kubwa. Ndugu, sisi tunajua wizi wa kuivre unapitaka wapi. Unapita mu kamyo, usiku, na karatasi zenye tampo. Haupiti mu kitambaa cha kichwa cha mama.

Lakini shida kubwa haiko mu sababu hizi mbili. Shida kubwa ni kwamba tulipouliza nani alimufukuza, hatukupata mutu. Kompani ya mine inasema: yule si mufanyakazi wetu, ni wa sutretansi ya chakula. Sutretansi inasema: sisi tunafuata sheria ya mulango, na mulango ni wa kompani. Mama amesimama katikati, miaka sita, na hakuna anayesema "wetu". Konvansio kolektifu yetu, ile tuliyoketi nayo usiku mingi, haimuhesabu. Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya sutretansi iliangalia zaidi kwamba kompani hizo ziwe za Wakongomani. Ni jambo jema. Lakini kama mwenye kompani ni Mukongomani, mama wa jikoni anashiba namna gani? Hilo halikujibiwa.

Na hapa sisi wa sindika tuna kosa letu. Miaka yote tulihesabu wanachama kwa kofia na buti. Mwenye kusukuma vago, mwenye kuendesha bene, mwenye kuchoma solda. Wale wanaotupikia, wanaosafisha vyoo vyetu, wanaofua kombinezo zetu, tuliwaona sawa watu wanaopita. Walipokuja ku biro yetu tuliwaambia: kwendeni kwa sutretanti wenu. Mama huyu alikuja mara mbili, mbele ya mambo haya, juu ya masaa ya ziada. Mara mbili tulimurudisha. Tunaandika hili kusudi mutu asifikiri tunatoa mafundisho kwa wengine tu.

Wazee wanakumbuka namna ingine. Union Minière haikuwa baba mwema, historia ya 1941 inatosha. Lakini ilijua kwamba mutu mwenye njaa hachimbi, na iligawa posho kila juma: unga, maharagwe, nyama ao samaki, mafuta, chumvi, na sehemu ya bibi na watoto ndani. Ndiyo maana mpaka leo, huku Katanga, samedi tunaiita siku ya posho, hata kama posho yenyewe ilikufa zamani. Ilikuwa hesabu ya patroni, si upendo. Lakini ndani ya hesabu ile mutoto alikuwa na namba. Leo mutoto wa mupishi hana namba mahali popote, ila ile ya mulinzi: pièces, 3.

Kwa hiyo hatuombi saladi kwa wote. Tusichekane hapa. Mutu anayefanya masaa kumi na mbili, zamu ya usiku, ukimupa majani na mukate wenye fromaji, saa tisa ya usiku ataanguka. Huyo anahitaji bukari, maharagwe, samaki, na chai yenye sukari. Hatuombi pia mesa ya wakubwa ifungwe. Mutu aliyetoka mbali ana haki ya kula chakula cha kwao. Sisi pia tukienda Ulaya tunatafutaka sombe mpaka tunachoka.

Tunachoomba ni hiki. Mupishi awe na sahani yake na dakika thelathini za kuketi, sawa mufanyakazi mwingine yeyote wa site. Mabaki yawe na sheria iliyoandikwa, iliyobandikwa ku ukuta wa jikoni kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake. Kosa la chakula lisiitwe kosa nzito kabla ya kusikiliza mutu mbele ya delege. Na mu konvansio ijayo, wafanyakazi wa sutretansi wanaoingia kila siku mu mulango mumoja na sisi waandikwe mu mustari mumoja na sisi. Hili la mwisho ndilo gumu, tunalijua. Kuko wanachama wetu wanaoogopa: wakiingia wengi, sehemu ya kila mutu itapungua. Tunawajibu kwamba sehemu yao inapungua tayari, kwa sababu kila kazi inayohamishwa kwa sutretansi ni kazi iliyotoka mu konvansio yetu. Jana jikoni, leo magari, kesho foraji. Ndugu yetu wa foraji aliyecheka, tulimukumbusha hili akiwa ameshika kipande cha nne.

Barua ya mama iko sasa kwa inspekta wa kazi. Tarehe imetolewa, ni juma la pili la mwezi ujao, na delege wawili watamusindikiza. Yeye haulizi feza nyingi. Anaomba neno "wizi" litoke mu karatasi yake, maana na neno lile hakuna jikoni ingine itamupokea. Kupika anajua, hilo tuna mashahidi kumi na wawili.

Kwa sasa anapika mikate kwake, anauza asubuhi ku arè ya bisi ya wafanyakazi. Mukate, si ile ya fromaji. Mumununulie.

Siku ya posho inayokuja, saa nane, tutakutana tena nyuma ya biro. Wafanyakazi wa jikoni, wa usafi na wa bulanderi za kompani zote waje bila kuogopa. Hatutaandika jina la mutu asiyetaka. Mulete buletini ya mushahara ya mwisho, maana tunataka kuona nani anaandikwa mwajiri ku kichwa cha karatasi. Mulete pia mukate wa jana, kila nyumba kidogo. Saladi itatoka mu jardini yenye puits, tumeishanunua. Fromaji ni ya Masisi tena, na mama amesema safari hii tusisukume makala mengi juu ya mufuniko, sababu siku ile tuliunguza kando moja naye alinyamaza tu juu ya heshima.